Los Angeles hadi Sydney: mbona tiketi ya mama inanipa masaa 32?

Kitinda_Mimba:
Wakuu, naombeni msaada. Mama yangu anasafiri Julai kutoka Los Angeles kwenda Sydney kumwona mjukuu wake. Ndege ni ya moja kwa moja, haitui popote. Tiketi inasema anaondoka Jumanne saa nne na nusu usiku na kufika Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikihesabu napata masaa 32! Kurudi ndiyo kabisa: anatoka Sydney Alhamisi saa nne asubuhi, anafika Los Angeles Alhamisi hiyohiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yaani anafika kabla hajaondoka. Tiketi imekosewa? Ana miaka 71 na anameza dawa ya presha kila siku, sitaki kubahatisha.

Mbisho:
Tiketi iko sawa, mkuu. Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika. Julai, Sydney iko mbele ya Los Angeles kwa masaa 17. Toa 17 kwenye 32, unabaki na 15. Huo ndio muda wa mama kuwa safarini. Kurudi, akiwa angani masaa 13 na nusu, Sydney inakuwa saa tano na nusu usiku wa Alhamisi. Rudisha nyuma masaa 17, unaipata ile saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumatano yake inamezwa na mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki (ukiuvuka kwenda Sydney tarehe inaruka siku moja mbele, ukirudi inarudi nyuma siku moja), na akirudi anaishi Alhamisi ndefu. Ila kama safari ingekuwa Desemba, tofauti ni masaa 19, kwa sababu miji yote miwili hubadilisha saa kwa majira, kila mmoja upande wake.

Umbali ni kilomita 12,050 hivi, kwenda na kurudi ni uleule. Kinachotofautisha ni upepo. Huko juu, kwenye kimo cha kilomita 10 na zaidi, kuna mikondo mikali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Sydney mama atapata upepo wa mbisho, ndege inausukuma. Kurudi upepo unaisukuma ndege kwa nyuma. Nimeruka njia hii mara mbili nikiangalia kioo cha kiti: kwenda ilikuwa ikisoma kilomita 810 kwa saa kwa muda mrefu, kurudi ikapita 960.

Tafadhali angalia tarehe za chumba! Mimi nililipia kuanzia Jumatano, nikatua Alhamisi, wakawa wameshampa mtu mwingine. Nilikaa na mabegi ukumbini mpaka saa nane mchana.

Bi_Hija:
Mwanangu, kuhusu dawa: muulizeni daktari wake kabla ya safari. Mimi nilielekezwa nihesabu masaa 24 tangu kidonge cha mwisho, nisifuate jina la siku. Nilivaa saa ya mkononi ya nyumbani, sikuigusa mpaka nilipotua. Na dawa ziwe kwenye begi la mkononi, zisiende na mzigo.

Kitinda_Mimba:
Asanteni sana. Shikamoo Bi Hija. Chumba kweli nilikuwa nimeandika Jumatano, nimeshakirekebisha. Jumatatu nampeleka kwa daktari, na saa yake ya mkononi nimeibadilisha betri leo.