Nataka kusomea seli shina za damu, mtu wa hapa Uganda anaanzia wapi?

KijanaWaTororo
Habari zenu wakubwa. Nilimaliza digrii ya maabara Makerere, saa hii niko hospitali moja huku mashariki, kutwa nzima ni slaidi za malaria. Mdogo wangu wa kike ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, selimundu. Juzi damu iliyoletwa ilikuwa yake, nikaiweka chini ya darubini nikaona zile seli zimejikunja kama mundu kati ya zile za mviringo, kwa wagonjwa wengine nimeziona mara nyingi lakini siku hiyo kalamu ilinishinda. Tangu hapo nasoma tu kuhusu seli shina, zile za kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, zinazozaa damu yote, na jinsi zinavyopokea ishara. Desemba 2023 Marekani walipitisha Casgevy, tiba ya jeni ya siko seli, wanatoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanakata kile kipande cha BCL11A, jeni inayozima hemoglobini ya utotoni, ili hemoglobini ya mtoto wa tumboni irudi kutengenezwa, halafu wanamrudishia. Bei dola milioni 2.2, banange. Hii kazi ya utafiti nitaiweza nikiwa hapa ama lazima niende huko?

DadaMaabara
Pole sana kaka, mpe dada salamu zetu. Sikia, uko karibu kuliko unavyofikiri. Ile mashine ya kuhesabu CD4, seli za kinga za wagonjwa wa HIV, inafanya nini? Inapitisha seli moja moja mbele ya leza na kila seli imeshikwa na kingamwili yenye rangi. Seli shina zinatafutwa hivyohivyo, unatafuta alama ya juu ya seli inayoitwa CD34, halafu alama nyingine, CD38, isiwepo ama iwe kidogo mno. Ufundi huo wa flo saitometri tunao hapa, JCRC (kituo cha utafiti wa tiba) wanao, UVRI (taasisi ya utafiti wa virusi) Entebbe wanao, sababu ya HIV. Mimi nimeanzia hukohuko na CD4. Na si lazima utoboe mfupa wa mtu, damu ya kitovu inayotupwa wodi ya wazazi inazo. Unaimimina juu ya Fikoli, kimiminika kizito cha kutenganisha seli, polepole, tyubu imelala upande, unazungusha kwenye sentrifuji, ukiitoa unaona utepe mwembamba kama maziwa kati ya plazma ya njano na wekundu wa chini. Humo ndimo zilimo. Mkono ukitetemeka ukavuruga utepe, siku yako imeisha.

MzeeWaUboho
Ssebo karibu. Nyabo DadaMaabara kasema kweli, mimi niongeze upande wa ishara maana ndio kazi yangu. Figo zikihisi oksijeni imepungua zinamwaga homoni ya erithropoietini, hiyo inafika kwenye uboho inashika kipokezi chake juu ya seli changa, ndani protini ya JAK2 inawaka inaamsha nyingine, STAT5, seli inaambiwa usife, zaa, kuwa nyekundu. Mwaka 2005 ndio waligundua herufi moja ikibadilika kwenye jeni ya JAK2, protini yake inakaa imewaka bila kuambiwa na damu inakuwa nzito. Sasa fikiria dada yako, seli nyekundu ya kawaida inaishi siku 120, yake inaishi kama 10 mpaka 20, maana yake uboho wake unapigiwa kelele usiku na mchana. Ongeza malaria ya Tororo juu yake. Zile seli shina zinachoka? Zinabadilika? Swali hilo ni letu, wagonjwa wake wanapanga foleni mlangoni kwako. Wanasayansi Till na McCulloch wa Toronto, Kanada, mwaka 1961 walikuwa wanahesabu vinundu vya seli mpya za damu kwenye wengu wa panya waliopigwa mionzi kisha wakadungwa uboho, kuhesabu kwa makini tu, na ndio msingi wa fani nzima hii.

Taabu iko kwenye dawa za maabara. SCF na TPO, protini za kulishia seli shina, zinasafiri kwenye barafu kavu, zangu ziliwahi kukwama kwenye mizigo mpaka barafu ikaisha, miezi minne ya kuomba pesa ikaenda hivyo. Kwa hiyo ukitafuta masters tafuta msimamizi mwenye friza inayofanya kazi na jenereta, hilo uulize kabla hujauliza jina lake kubwa.

KijanaWaTororo
Mzee, dada, nimesoma hapa mara tatu, asanteni mno. Kesho naongea na sista wa wodi ya wazazi kuhusu vitovu.

DadaMaabara
Kuongea ongea, ila usiguse hata tone moja. Kwanza kamati ya maadili, halafu UNCST, baraza la taifa la sayansi linaloruhusu utafiti, na mama asaini mwenyewe akiwa ameelewa, tena si wakati uchungu umembana. Andika pendekezo kurasa mbili uniletee inbox nilisome.