Mrejesho: kijana wangu na usukani

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje, maana mwanangu wa miaka 18 alianza kujifunza kuendesha gari hapa Lubumbashi na mimi nikawa silali. Mama mmoja alinijibu: usibaki nyumbani ukingoja simu, panda naye. Nikapanda.

Gari letu lilitoka Japani, usukani uko kulia, na Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni vizuri mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto, yaani mimi. Jumapili, njia ya Kasumbalesa, tulikuwa nyuma ya lori la shaba. "Mama, niende?" Nikachungulia: lori jingine linakuja, taa zimewashwa. "Bado, papa," nikamwambia mwanangu, ndivyo ninavyomwita. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akangoja bila kunung'unika. Nilikuwa nimeshika mkanda hadi vidole vinauma, lakini nilimwona anangoja kweli.

Usiku bado simruhusu, wala mvua ikinyesha. Baba yake anasema nazidisha, hapo sikubali. Ila juzi alienda Katuba peke yake kumchukua mama yangu, nami nikapika bila kuchungulia getini. Mama uliyenijibu, asante sana.