Mashine ya boti ya zamani huzimika ghafla ikishapata joto: hitilafu ya umeme iko wapi?

Swali: nahodha, Kilindoni, Mafia

Habari za kazi, ndugu mafundi na manahodha wenzangu.

Ninaendesha boti ya faiba inayobeba wavuvi na samaki kati ya Kilindoni na visiwa vya upande wa Chole na Jibondo. Mashine yake ni ya kupachika nyuma, ya farasi 40, silinda mbili, ya mipigo miwili, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Ni ya miaka ya 1990, lakini imetunzwa vizuri na mgandamizo wa silinda zote mbili bado uko sawa.

Asubuhi ikiwa baridi huwaka bila taabu na hukimbia vizuri. Baada ya kama nusu saa ya kwenda kwa gesi nyingi hukata ghafla, bila kukohoa wala kupunguza mwendo polepole. Mara nyingine hurudi yenyewe kabla flaiwili (gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine) haijasimama, na boti hujirusha mbele kwa nguvu; mara nyingine hugoma kabisa mpaka ipumzike, kisha huwaka tena.

Nimebadilisha plagi zote mbili, nimesafisha kabureta na chujio, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi liko wazi, na kila inapozimika nakuta mpira wa kusukumia mafuta ni mgumu. Maji ya kupoozea yanatoka kwa nguvu. Fundi wa hapa amenishauri ninunue boksi jipya la CDI, lile linalotoa umeme wa cheche za plagi, ambalo kwa kipato changu ni ghali, na duka likishauza kifaa cha umeme halikipokei tena. Kusi imekwisha kuanza, na siwezi kukubali kuzimikiwa na mashine nje ya Ras Kisimani nikiwa na watu ndani. Kabla sijatoa fedha, naomba mnieleze namna ya kuhakikisha ni kifaa gani hasa kilichoharibika.

Jibu: fundi wa mashine za boti, Tanga

Nahodha, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yameshafanya nusu ya kazi. Mashine inayokosa mafuta hufifia: hupungua nguvu, hukohoa, na ukiubinya ule mpira huchangamka kwa muda. Ya kwako hukata na kurudi kwa mara moja, na mpira ni mgumu. Mimi nakubaliana nawe kwamba tatizo ni la umeme. Jambo la pili ni kwamba silinda zote mbili hufa kwa pamoja. Ingekuwa ni plagi moja, kofia yake, au waya wake, mashine ingetetemeka na kupoteza nguvu, lakini ingeendelea kuzunguka kwa silinda iliyobaki. Kwa hiyo tafuta kile ambacho silinda zote mbili hukitegemea.

Vitu hivyo si vingi. Chini ya flaiwili kuna koili ya chaji, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi. Sumaku zinapoipita huzaa umeme wa mamia ya volti, ambao CDI huuweka kwenye kapasita yake. Koili ndogo ya pulsa, nayo ikiamshwa na sumaku, hutoa amri kwa wakati unaotakiwa, kisha kapasita humwaga umeme wake wote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi, inayoupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti. Njiani kuna waya wa ethi, unaounganisha vifaa hivyo na chuma cha mashine, na waya wa kuzimia. Boksi la CDI ni kiungo kimoja tu katika mnyororo huo, na kwa bahati mbaya ndicho kinacholaumiwa kwanza kwa sababu hakionekani ndani.

Anza na waya wa kuzimia, kwa sababu kuujaribu hakugharimu chochote. Katika mashine hizi swichi ya kuzimia haikati umeme kama ya taa ya nyumbani. Huupeleka kwenye ethi, na CDI hubaki bila kitu cha kuhifadhi. Swichi iliyoingia chumvi, au waya uliochubuka mahali unapopita chini ya kifuniko, huzima mashine kila mtikisiko au joto linapoufanya uguse chuma. Uchomoe waya huo kwenye soketi yake karibu na CDI, ufunge ncha zote mbili kwa utepe, kisha uendeshe mashine boti ikiwa imefungwa imara gatini na rafadha ikiwa ndani ya maji. Kumbuka kwamba katika hali hiyo swichi na kamba ya usalama havifanyi kazi. Utaizima mashine kwa kuvuta choki au kwa kuchomoa mpira wa mafuta. Usitoke baharini ukiwa umeuchomoa, hata kwa safari fupi, kwa sababu nahodha akianguka majini mashine haitasimama.

Jibu: mwenye boti ya mwendo kasi, Lamu

Naongezea upande wa chumvi, kwa kuwa hapa kwetu ndiyo adui mkubwa kuliko uzee wa mashine. Fungua kila soketi ya waya kati ya flaiwili na CDI, uitazame kwa mwanga mzuri. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, au waya umekuwa mweusi chini ya ganda lake la plastiki, kata mpaka ufikie shaba inayong'aa na ufunge upya. Bolti inayoshika ethi ya koili na ya CDI ifunguliwe, sehemu inapokaa isuguliwe kwa msasa laini mpaka chuma kionekane, kisha ikazwe na kupakwa grisi kwa nje.

Kuna jaribio jingine ambalo nalipenda sana. Usiku, mahali penye giza na hewa ya kutosha, pasipo na mvuke wa petroli, iwashe mashine ikiwa imetolewa kifuniko, rafadha ikiwa ndani ya maji, na uzipulizie nyaya za plagi na koili umande mwepesi wa maji safi kwa chupa ya kupulizia. Umeme unaovuja utauona kwa macho: vijicheche vya bluu vinatambaa juu ya waya au vinaruka kutoka kwenye kofia ya plagi hadi kwenye bloki, yaani mwili wa chuma wa mashine. Mikono na nguo zikae mbali na flaiwili. Kofia inayovuja hufunguliwa kwa kuzungushwa. Waya hukatwa milimita chache mbele ili kupata shaba mpya, kisha kofia nyingine hukazwa humo. Najua silinda zako hufa pamoja, lakini katika baadhi ya mashine koili moja hutumikia plagi zote mbili, na hapo uvujaji mmoja huweza kuathiri pande zote.

Nahodha wa Kilindoni

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimeuchomoa waya wa kuzimia kama fundi alivyoelekeza, boti ikiwa gatini, na baada ya kupata joto mashine imezimika vilevile. Soketi mbili zilikuwa na kijani kibaya nikazifunga upya, na ethi zote nimezisafisha. Jaribio la usiku halikuonyesha cheche hata moja ya pembeni.

Kwa kipima cheche, mashine ikiwa baridi, cheche ni ya bluu na inaruka nafasi ya milimita 9 kwa mlio mkali kwenye waya zote mbili. Mara tu baada ya kuzimika, hakuna kitu. Mwenzangu mmoja ana mashine ya aina hiihii na yuko tayari kuniazima CDI yake. Je, niijaribu?

Jibu: fundi wa mashine za boti, Tanga

Kubadilishana CDI ni kipimo kizuri, kwa sababu boksi hilo halipimiki kwa kuaminika kwa kipima omu (ukinzani wa umeme) cha kawaida, ilimradi namba iliyoandikwa juu yake iwe ileile kabisa. Hata hivyo, ningekuomba umwache mwenzako na CDI yake kwanza, upime koili ya chaji na ya pulsa wakati hitilafu yenyewe ipo.

Hapo ndipo wengi hupotea. Koili ya chaji imesokotwa kwa waya mwembamba mno, na baada ya miaka mingi ya joto na mtetemo waya huo hukatika mahali fulani ndani. Ikiwa baridi, ncha zilizokatika hugusana. Ikipata joto, kila kitu hutanuka na ncha huachana. Mtu anayepima asubuhi baada ya mashine kulala usiku kucha hupata namba nzuri, huitangaza koili kuwa nzima, na hununua CDI.

Fanya hivi. Tafuta soketi za koili ya chaji na za pulsa kwa kufuata rangi za nyaya katika kitabu cha mashine yako, uzipime baridi na uandike omu ulizopata. Kisha endesha mashine gatini mpaka izimike, ondoa kifuniko, chomoa soketi, na upime palepale kabla joto halijapungua. Viwango halisi hutofautiana kwa kila muundo, kwa hiyo fuata kitabu, lakini koili nzima iliyopata joto huongezeka omu kidogo tu, haipotei. Pima pia kati ya kila waya wa koili na bloki, na ulinganishe na kitabu, kwa kuwa katika baadhi ya miundo ncha moja ya koili imefungwa kwenye ethi kwa makusudi. Huku ukipima, utikise waya taratibu mahali unapotokea chini ya flaiwili.

Na tafadhali, unapovuta kamba kwa ajili ya kipimo chochote, kila waya wa plagi uwe umeshikwa na ethi au kipima cheche. Umeme usio na pa kwenda huweza kuiua CDI nzima uliyo nayo.

Nahodha wa Kilindoni

Fundi, Mungu akubariki. Pulsa ilibaki palepale, baridi na moto. Koili ya chaji ilikuwa ndani ya kiwango cha kitabu ikiwa baridi. Mashine ilipozimika nikapima, na kipimo kikaonyesha waya umekatika kabisa. Nilikaa nimeshika mita mkononi, na baada ya muda namba ikaanza kurukaruka, kisha ikatulia kwenye ileile ya asubuhi. Nikavuta kamba, mashine ikawaka. CDI sitanunua. Yupo mtu hapa anayesokota mota za umeme. Anaweza kuisokota koili hii?

Jibu: fundi wa mashine za boti, Tanga

Anaweza kuisokota ikiwa atapata waya wa unene uleule na kuhesabu mizunguko yote, lakini zinazoharibika mapema ni zile zisizolowekwa vanishi na kukaushwa kwa joto, kwa sababu mtetemo huzikata upya. Kwa boti inayobeba watu mimi ningechagua koili mpya yenye namba sahihi. Ukipata iliyotumika, ipime ikiwa imepashwa joto kwa kikaushia nywele kabla hujailipia.

Flaiwili itolewe kwa pula, kifaa cha kuivutia nje, isigongwe kwa nyundo kamwe, kwa kuwa sumaku huweza kupasuka au kubanduka. Ukiwa umeitoa, angalia kama sumaku zote zimeshika imara, na kama kile kijichuma kinachoilinganisha na shafti hakijakatika, maana kikisogea taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, nayo husogea. Koni ya shafti na tundu la flaiwili vifutwe vikauke, bila grisi, na nati ikazwe kwa kiwango cha kitabu. Nyaya za koili mpya uzibane mbali na flaiwili.

Rudisha waya wa kuzimia mahali pake na uhakikishe kamba ya usalama inaizima mashine. Kisha iendeshe kwa gesi nyingi ndani ya ghuba, ukiwa na boti nyingine karibu, kwa muda unaozidi sana ile nusu saa ambayo ilikuwa ikizimika, kabla hujapakia abiria.