Mjadala: Utalii wa Kilwa upimwe kwa meli zinazotia nanga au kwa wageni wanaolala?

Ndugu zangu,

Kila meli kubwa ya watalii inapotia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, kisiwa chetu chenye magofu ya mji wa kale, picha zake husambaa na hoja ileile huibuka: kwamba njia ya haraka ya kukuza utalii wa wilaya yetu ni kuvutia meli nyingi zaidi, kwa kuwa zinaleta wageni wengi kwa siku moja bila kutudai hoteli wala barabara. Wanaoitetea hoja hiyo wana nia njema, na sehemu yake ni kweli. Ninachokipinga ni kipimo chao. Idadi ya watu waliokanyaga kisiwa kwa saa chache haituelezi wenyeji wamepata nini. Kinachotueleza ni idadi ya siku ambazo mgeni amelala kwetu.

Tuitazame siku ya mgeni wa meli ilivyo. Amekunywa chai melini, boti ndogo za meli hiyohiyo zimemshusha ufukweni, ameonyeshwa Gereza (yaani ngome ya zamani), Msikiti Mkuu na jumba la Makutani, na kama muda umeruhusu amefikishwa Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Mchana amerudi melini kula. Kiingilio amelipa, nacho kimekwenda kwa mamlaka ya serikali kuu inayosimamia magofu. Mwongoza watalii amepata ujira wake. Akina mama waliotandika mikeka na vikapu vyao wameuza viwili vitatu. Lakini mwenye mashua wa Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, hakuvusha mtu, mama lishe hakupakua sahani, mwenye nyumba ya wageni hakukabidhi ufunguo wa chumba, na mvuvi aliyeshusha changu na kolekole alfajiri amewauzia wateja walewale wa jana.

Sasa tumtazame anayelala. Anashuka basi kwenye njia panda ya Nangurukuru, anatafuta usafiri mwingine hadi Masoko, anapanga chumba, anakula usiku na asubuhi, anachukua kibali cha kutembelea magofu, kisha anakodi mashua ya kumvusha Kisiwani. Akitaka kwenda Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, kesho yake analipia boti tena, na hapo bahari ndiyo inayopanga ratiba. Maji yakiwa yamekupwa, chombo hakifiki ufukweni. Mgeni huvua viatu, akapandisha suruali na kutembea ndani ya maji kando ya mikoko hadi nchi kavu. Nahodha wa hapa anajua lini ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na lini ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na atamwambia mgeni wake asubiri hadi saa fulani. Meli iliyopangiwa kuwa Zanzibar kesho asubuhi haiwezi kusubiri, ila aliyelala Masoko anaweza, na kila saa anayosubiri kuna mtu wa Kilwa anayemuuzia kitu.

Kuna jambo jingine linalonisikitisha katika hoja ya meli, nalo ni kwamba inaifanya Kilwa nzima kuwa kisiwa kimoja. Kilwa Kivinje, yenye boma la Wajerumani, soko la zamani na nyumba ambazo milango yake ya nakshi inazidi kuoza, haimo katika matembezi ya saa tatu. Humo pia hamna Mwembe Kinyonga, mahali wanapokumbukwa wapiganaji walionyongwa na Wajerumani, wala Nandete, juu kwenye vilima vya Umatumbi, ambako Julai 1905 wananchi waling'oa pamba ya kulazimishwa na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mtanzania aliyesoma vita hivyo tangu shule ya msingi angeweza kufika Nandete na kuweka mkono wake juu ya mnara wa kumbukumbu. Yeye naye ni mgeni, tena anasafiri hata katika miezi ambayo meli hazionekani, lakini katika mipango yetu hatumtaji kabisa.

Wenzetu wanajibu kwamba barabara haiaminiki. Ni kweli, na hakuna aliyesahau Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua zilipoikata barabara ya kusini upande wa Somanga na abiria wakakwama njiani. Hata hivyo, tatizo hilo linatudai madaraja na makalavati imara, na halitupi ruhusa ya kuigeuzia barabara mgongo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Mto Rufiji. Daraja hilo lilibadilisha maisha ya mkulima wa korosho na ufuta kabla ya kumnufaisha mtalii yeyote, na ndivyo itakavyokuwa kwa kila shilingi itakayotumika kuimarisha njia hiyo.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya ardhi, nami sitaikwepa. Tukisema tunataka wageni wanaolala, watakuja wanunuzi wa fukwe kabla ya wageni wenyewe, na kijana mwenye shida ya fedha atauza shamba la minazi la babu yake kwa bei ya pikipiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika mambo haya, lakini sauti hiyo haina maana mkutano ukiitishwa baada ya makubaliano kumalizika mezani. Kwa hiyo ninapendekeza kwamba pasijengwe hoteli yoyote Kisiwani. Vyumba viongezwe Masoko na Kivinje, kwanza kwa kukarabati nyumba kongwe zilizopo, na huko kisiwani kaya chache zinazotaka kupokea wageni majumbani mwao zisaidiwe kupata choo kizuri, maji safi na chandarua.

Magofu yenyewe yanatutaka tuwe na kiasi. Yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mawimbi, mvua na kuta zinazobomoka, na yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Kuta za matumbawe na chokaa zilizodumu tangu kabla msafiri Ibn Battuta wa Morocco hajafika hapa mwaka 1331 hazistahili kukanyagwa na mamia ya watu asubuhi moja, wakati wageni haohao wangeweza kugawanywa kwa siku kadhaa.

Sisemi meli zifukuzwe. Nasema zipokelewe kwa masharti yatakayoandikwa na kutangazwa hadharani na Halmashauri pamoja na wasimamizi wa magofu. Kwa hiyo wanaozitetea ninawaomba mjibu hili: meli ijayo itakapotia nanga, ni mashua ngapi za Kisiwani na Masoko zitakodiwa kuwavusha wageni, na ni nani atakayewapikia chakula cha mchana?