Kontroo namba ya malipo haikai kichwani, njia ya Posta inakaa. Kwa nini?

Swali: Wadau, tarakimu 12 zinafutika kabla hazijabonyezwa kwenye simu, ila njia ya basi Ubungo hadi Posta, Dar, mtu anaiona kituo kwa kituo. Shida nini?

Jibu: Njia ipo kwenye kumbukumbu ya muda mrefu. Namba iko kwenye kumbukumbu tendaji, ile ya kushikilia kitu kwa muda mfupi ukikitumia, ambayo mwanasaikolojia Cowan (2001) aliikadiria kubeba vipande 4 hivi. Basi tarakimu zikate tatutatu, vipande 4 kamili.

Jibu: Nyongeza: wanasaikolojia Baddeley na Hitch (1974) walitenganisha, ndani ya kumbukumbu tendaji, hifadhi ya sauti na ya picha. Ya sauti hufifia ndani ya sekunde 2 hivi usiporudia kimoyomoyo, na konda akiita vituo anakuvuruga. Kutazama dirishani hakuna neno, hiyo ni hifadhi ya picha.

Muulizaji: Nimewasoma, wakuu.