Naomba ushauri: watu wanalima mpaka kwenye ukingo wa kijito, tuwatoeje bila ugomvi?

Wakuu habari za saa hizi, niende moja kwa moja. Huku kwetu Uluguru upande wa Mgeta kuna kijito kinashuka mpaka kinaingia Ruvu (nyie wa Dar mnaooga maji ya Ruvu msijifanye hayawahusu), sasa siku hizi kiangazi kinabaki kauzi tu, mvua ikinyesha yanashuka matope matupu. Tumeanzisha kikundi cha kutunza chanzo, tumepanda mikuyu, ila watu wanalima kabichi na karoti mpaka maji yanapopita.

Najua sheria ya mazingira ya 2004 inasema kilimo kikae mita 60 kutoka ukingoni, sawa, lakini mashamba ya huku ni vipande vidogo vya mteremkoni, ukimwondoa mtu mita 60 zote wengine hawabaki na hata tuta moja, na hao ni wajomba na mashemeji zetu jamani, sio wavamizi. Kwenda na mgambo mi naona ni kutafuta uadui wa bure.

Kuna mzee pia ana mikaratusi (miti inayonyonya maji sana) pale pale juu ya chemchemi, hataki hata kuisikia hiyo mada, anasema ndo ada ya wajukuu.

Waliowahi kusajili jumuiya ya watumia maji kupitia bodi ya maji ya bonde (ile ya serikali inayosimamia maji ya mto mzima), ilisaidia kweli au makaratasi tu? Na kuna mwenye uzoefu wa kuanza na matuta na majani ya tembo kando ya mto, mkulima akate alishie mbuzi, halafu mita tunaongeza taratibu?