Toyota IST: pedi ya breki ya ndani imeisha, ya nje bado nene. Nibadilishe mwenyewe?

Waja_Leo
Assalaam aleykum wakuu. Nina IST, nakaa Raskazone, Tanga. Mbele kushoto kumeanza mlio mwembamba, nikikanyaga breki unakatika. Nimefungua tairi: pedi ya ndani imekaribia chuma, ya nje bado nene. Kulia zote ziko sawa. Fundi anasema tuweke pedi mpya basi. Jeki na spana ninazo, na Ijumaa nampeleka mama mkwe Lushoto. Naweza mwenyewe?

Mzee wa Ngamiani
Waaleykum salaam mwanangu. Kubadili pedi utaweza, lakini pedi siyo ugonjwa. Pistoni iko upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, inateleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje. Pini zikishika kutu, ya ndani inafanya kazi ya wawili. Wewe unalaza gari karibu na bahari, chumvi imeshaingia humo. Weka mpya bila kugusa pini uone kama hazitaisha vilevile.

Legeza nati za tairi gari likiwa chini, piga jeki, weka stendi. Usilale na jeki peke yake! Bolti za kalipa hapo ni spana 14. Kalipa ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Chomoa pini, zisugue zing'ae, tazama kava zake za mpira kama zimepasuka. Pistoni irudishe taratibu huku umefungua kifuniko cha mafuta ya breki; yakipanda yanyonye, maana yakimwagikia bodi yanakula rangi. Ikigoma kurudi, acha hapo, hiyo ni kalipa ya kufunguliwa na fundi. Na pedi nunua seti, kulia pia ubadilishe.

Kijana wa Pongwe
Pini paka grisi ya beringi tu kaka, mbona tunaweka siku zote.

Mzee wa Ngamiani
Ndiyo maana zinakwama siku zote. Ile inavimbisha mipira. Tafuta grisi ya breki, ya silikoni, upake kidogo. Usoni mwa pedi isifike hata alama ya kidole.

Waja_Leo
Shukrani mzee. Pini ya chini imetoka kwa nyundo, nyekundu tupu! Ya juu inateleza. Pistoni imerudi vizuri. Kuna kingine kabla ya safari?

Mzee wa Ngamiani
Nyundo isiwe imeikwaruza. Ikiwa na mashimo nunua nyingine. Kabla hujaondoa gari pampu pedali mpaka iwe ngumu, la sivyo breki ya kwanza itazama hadi sakafuni. Kisha nenda njia ya Pangani asubuhi, kimbia 50, punguza taratibu bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa pedi zikae. Kurudi kutoka Lushoto, ile miteremko ya Soni hadi Mombo, shuka na gia ya chini. Ukisikia harufu ya kuungua paki upumzishe gari, na usimwagie diski maji.